Eyam, kijiji cha Uingereza kilichojifungia na tauni mwaka 1666: walikaa kwa hiari au hawakuwa na pa kwenda?

#1 Msafiri_Mwera

Wakuu, salaam.

Nipo Sheffield kimasomo. Jumamosi iliyopita nilipanda basi hadi kijiji kimoja kwenye vilima vya Derbyshire. Kinaandikwa Eyam ila wenyewe hutamka "Im". Watu wake hawafiki elfu moja. Nyumba za mawe ya kijivu, barabara moja kuu inayopindapinda, kanisa la Mtakatifu Lawrence katikati, kondoo kila upande. Ukipita haraka utasema ni kijiji kama vingine. Ukianza kusoma vibao vya kijani vilivyo mbele ya nyumba ndipo miguu inakuwa mizito: humu alikufa fulani, tarehe fulani, na mwanawe, na mwanawe mwingine. Nyumba inayofuata hivyohivyo.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Kiangazi cha 1665 London ilikuwa inateketea kwa tauni. Mwishoni mwa Agosti fundi cherehani aliyekuwa akiishi Eyam, George Viccars, akapokea mzigo wa vitambaa kutoka huko London. Vilikuwa vimelowa, akavianika mbele ya moto, na viroboto waliokuwa humo wakapata uhai. Tarehe 7 Septemba akazikwa. Hadi mwaka unaisha walikuwa wamekufa 42. Baridi ikapunguza makali, watu wakadhani imeondoka, kumbe imejikunja tu. Juni 1666 ikaamka upya.

Hapo kasisi wa kijiji, William Mompesson, kijana ambaye hata miaka 30 hakuwa ameifikisha, akawaomba watu wasikimbie, ili wasiipeleke Sheffield, Bakewell na vijiji vya jirani. Wakakubali. Ibada ikahamia uwandani. Kila mtu akawa anazika wa kwake, shambani au bustanini. Hadi Novemba walikuwa wamekufa 260 kati ya watu 350. Wakabaki 83.

Nilisimama kwenye jiwe la mpaka, kwenye njia ya kwenda kijiji cha Stoney Middleton. Ni jiwe kubwa la kawaida tu, lina mashimo sita juu yake. Humo watu wa Eyam walikuwa wanaweka sarafu ndani ya siki kulipia chakula ambacho majirani wameacha. Kingo za mashimo zimelainika kwa vidole vya wageni. Na mimi nilitia kidole.

Hakuna askari aliyewazuia. Hakuna ukuta. Mtu angeweza kuvuka usiku na kutokomea. Kwa nini walikaa? Tangu Jumamosi swali hili haliniachi, nalileta kwenu.

#2 Bibi_Shamba

Nimeshavuta mkeka. Weka picha za hilo jiwe kwanza.

#3 Pamba_na_Hariri

Mleta uzi, umeandika vizuri lakini fundi *cherehani* mwaka 1665? Mashine ya kushona imekuja karne ya 19. Huyo alikuwa mshoni wa sindano na mkono. Mimi ni fundi, marehemu babu yangu angefufuka kunigombeza nikiliacha hili lipite.

Halafu hivyo vitambaa kulowa siyo ajabu. Kitambaa cha sufu kikisafiri siku nyingi kwenye mkokoteni lazima kivute unyevu, na huwezi kukikata kikiwa hivyo, kitarudi kikikauka. Mshoni yeyote angevianika. Alifanya kazi yake kama inavyotakiwa, maskini.

#4 Msafiri_Mwera

Fundi, nimekubali, mshoni. Picha naziweka leo usiku, Bibi.

#5 Hesabu_Kali

350 toa 260 ni 90. Siyo 83. Nani kala wale saba?

Sasa nawaambia kitu kingine. Hizo namba za 350 na 83 zilienezwa na mwandishi wa kijiji, William Wood, kwenye historia aliyoitoa mwaka 1842, karibu miaka 180 baada ya tukio. Watafiti wa baadaye walipopitia vitabu vya kanisa na orodha ya kodi ya meko ya mwaka 1664 (Waingereza walikuwa wanatozwa kodi kwa kila jiko la nyumba) wakaona kijiji kilikuwa na watu 700 au zaidi. Waliokufa, 260, ndiyo namba yenye nguvu kwa sababu majina yao yameandikwa. Kwa hiyo siyo robo tatu ya kijiji iliyokufa. Ni kama theluthi moja.

Theluthi bado ni msiba mkubwa kupita maelezo. Lakini tusiongeze chumvi kwenye chakula ambacho tayari kina chumvi.

#6 Mtoto_wa_Mlalo

Nimesoma uzi huu nikiwa nimesimama.

Wengi humu mnaongelea tauni kama kitu cha vitabuni. Mimi nimezaliwa Lushoto, tarafa ya Mlalo. Tauni ilitokea kwetu mwaka 1980 na ikawa inarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka ishirini. Wagonjwa walifika maelfu. Nikiwa darasa la tatu, dada yangu alipata mtoki, uvimbe kinenani, akawa hawezi kutembea. Walikuja watu wa afya, wakapuliza dawa ya unga ndani ya nyumba, chini ya vitanda, kwenye majamvi, na sisi sote tukapewa vidonge. Dada akapona. Jirani yetu alichelewa kwa siku mbili tu. Siku mbili.

Nakumbuka soko lilivyokuwa. Wanunuzi wa mboga kutoka mjini waliacha kuja. Hakuna aliyetukataza kutoka, lakini ukipanda gari na mtu akajua umetoka kijiji gani, kiti cha pembeni yako kinabaki kitupu. Kwa hiyo Msafiri, ukiniuliza kwa nini watu wa Eyam walikaa, nakuuliza: wangepokelewa na nani?

#7 Bibi_Shamba

Pole sana mwanangu. Mungu ampe umri dada.

#8 Wakili_wa_Kijiweni

Mtoto wa Mlalo kagusa penyewe. Kuna kisa kinachosimuliwa hukohuko cha mwanamke aliyetoka Eyam akaenda soko la Tideswell, kijiji cha jirani. Walipogundua ametoka wapi walipiga kelele "tauni, tauni", wakamfukuza kwa kumtupia kila kilichokuwa mikononi. Sasa hiari iko wapi?

Na kuna sheria. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya tauni mwaka 1604, enzi ya Mfalme James wa Kwanza. Mtu mwenye kidonda cha tauni akikutwa anazurura baada ya kuamriwa abaki ndani, angeweza kunyongwa. Asiye na kidonda lakini katoka kwenye nyumba iliyofungwa, viboko kama mzururaji. Msafiri anasema hakuna askari. Askari hahitajiki pale ambapo kila jirani anakutazama.

Tena wenye uwezo waliondoka mapema. Familia zenye nyumba kwingine zilifunga virago kabla ya Juni 1666. Mompesson mwenyewe alikuwa amekwisha wapeleka watoto wake wawili kwa ndugu huko Yorkshire. Waliobaki walikuwa wachimba madini ya risasi (ile metali nzito, siyo risasi za bunduki), wakulima wadogo, na watumishi. Mwanahistoria mmoja, Patrick Wallis, aliandika mwaka 2006 kwamba sifa hii ya ushujaa ilijengwa baadaye sana na washairi na waandishi, kuanzia karne ya 18. Nadhani ana hoja.

#9 Msafiri_Mwera

Wakili, watoto ni kweli waliondolewa. Lakini mama yao, Catherine, aliambiwa aondoke nao akakataa. Akabaki na mumewe anazunguka nyumba za wagonjwa. Alikufa Agosti 25, 1666. Kaburi lake lipo uani mwa kanisa, karibu na msalaba wa kale, na barua ambayo mumewe aliwaandikia watoto kuwaeleza kwamba mama yao hayupo tena imehifadhiwa hadi leo. Mtu huyu angeweza kuondoka. Alikuwa na pa kwenda, alikuwa na watoto wa kumvuta, na mlango ulikuwa wazi. Hoja yako inamwacha nje.

#10 Wakili_wa_Kijiweni

Mmoja huyo. Nakupa huyo mmoja kwa heshima zote.

#11 Kengele_ya_Jioni

Salaam wadau. Mnamsifu sana Mompesson na mmemsahau mzee Thomas Stanley.

Stanley ndiye aliyekuwa kasisi wa Eyam kabla. Alikuwa Mpuritani, yaani Mprotestanti wa msimamo mkali, na mfalme aliporudi madarakani 1660 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wa mrengo wake waliondolewa makanisani, hasa baada ya sheria ya 1662 iliyowalazimisha wote kutumia kitabu kimoja cha sala. Akapoteza kazi lakini akaendelea kuishi karibu na watu wake. Wanakijiji walimpenda yeye. Yule kijana alikuwa mgeni, ameletwa na upande ulioshinda, ana kama miaka miwili tu kijijini. Angesimama peke yake akasema "msitoke" wangemwona anatumwa.

Ndiyo maana alimfuata Stanley. Makasisi wawili waliokuwa pande mbili za ugomvi uliomwaga damu nchi nzima wakakaa meza moja, wakatoka na mpango mmoja wa mambo matatu: kila familia izike wafu wake haraka, ibada ifanyike nje kwenye bonde la Cucklet Delf watu wakiwa wameachana, na hakuna kuvuka mpaka. Kwangu jibu la swali la mleta uzi ni hilo. Watu walikaa kwa sababu mtu waliyemwamini alisimama pembeni ya yule wasiyemzoea.

#12 Msafiri_Mwera

Kengele, umenifungua macho. Nilimwona Stanley kwenye jumba la makumbusho nikapita haraka.

Cucklet Delf nimefika. Ni bonde la majani lenye miteremko mikali, na upande mmoja pana mwamba wenye matundu kama milango. Inasemekana kasisi alihubiri kutoka kwenye mwamba huo. Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu huandamana hadi hapo kufanya ibada ya kumbukumbu. Wanaiita Jumapili ya Tauni.

#13 Barazani_Kibokoni

Assalaam aleikum nyote. Nawasoma kutoka Mombasa.

Haya ya Eyam yametukumbusha jambo ambalo kila aliyekaa chuoni, madrasa, alisomeshwa. Mtume (SAW) alisema mkisikia tauni i katika nchi msiiendee, na ikiwafika katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria, akapata habari kuwa tauni imeingia huko, akarudi Madina. Abu Ubayda akamuuliza, wakimbia kadari ya Mungu? Akamjibu, naam, twaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Abu Ubayda mwenyewe alibaki Sham na jeshi lake, na tauni ya Amwas ikamchukua, mwaka wa 18 wa Hijra.

Nasema hivi si kwa kushindana. Nasema kwa sababu Wakili adhani mtu hakai mahali pa mauti ila akilazimishwa. Kuna watu hukaa kwa imani, na ukiwaambia wamelazimishwa watakushangaa.

#14 Wakili_wa_Kijiweni

Waaleikum salaam mzee wangu. Nimekuelewa, na sikatai imani. Ninachosema ni kwamba imani, woga, sheria na umaskini vyote vilikaa nyumba moja. Kumsifu mmoja na kuwafukuza wengine ndiyo sikubali.

#15 Mama_Wawili

Nimeingia kusoma kuhusu familia ya Hancock nikajuta. Elizabeth Hancock, mama wa shamba la Riley. Kati ya tarehe 3 na 10 Agosti 1666 alizika mume na watoto sita. Siku nane. Peke yake. Wanasema alikuwa anafunga kitambaa miguuni mwa maiti anaburuta hadi kwenye shimo alilochimba mwenyewe, huku amejifunika pua.

Yeye hakuugua. Baadaye akaondoka akaenda Sheffield kwa mwanawe aliyebaki hai.

Msafiri, hapo umefika?

#16 Msafiri_Mwera

Nimefika, dada. Unatoka kijijini unapanda kilima kuelekea mashariki. Uwanja wa majani, halafu ukuta mdogo wa mawe umezungushwa duara, ndani yake makaburi saba. Shirika la urithi la National Trust ndilo linalotunza. Upepo ni mkali muda wote. Kutoka pale unaliona bonde lote hadi Stoney Middleton, maana yake na wao walikuwa wanamwona. Nimewaza sana juu ya hilo. Huyu mama anachimba, na ng'ambo watu wanaishi maisha yao.

Picha nilizoahidi nimeziweka, ila ya Riley nimeiacha. Nilishindwa kupiga.

#17 Masumbuko_Bunia

Jambo bandugu. Miye ni mtu wa Bunia, sasa naishi Kampala.

Hii habari ya kuzika mwenyewe imenipiga ndani. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, walikufa zaidi ya watu 2,200. Jambo lililoleta vita kubwa kati ya watu na timu za afya ilikuwa mazishi. Mama mkubwa wangu alikufa Beni. Walikuja watu wamevaa nguo nyeupe mpaka macho, wakamweka kwenye mfuko, wakazika. Hatukumwosha. Hatukumwimbia. Vijana wa mtaa walitaka kuwapiga mawe, na miye nilikuwa karibu kushika jiwe.

Sasa nasoma kwamba kijiji kizima kilikubali kwa mdomo wao kuacha mazishi ya kanisa, miaka 350 iliyopita, watu wanaoamini ufufuko, bila mtu kuwaonyesha mdudu kwenye darubini. Nani aliwashawishi na kwa maneno gani? Hilo ndilo ningependa kujua kuliko namba.

Na tauni yenyewe bado iko kwetu Ituri, upande wa Rethy, mpaka leo.

#18 Mtoto_wa_Mlalo

Masumbuko, pole ndugu yangu. Nimekuelewa hadi mwisho.

#19 Darubini

Naomba niingie kwenye ugonjwa wenyewe maana wote mmekubali kwamba ni tauni ya viroboto na panya. Siyo rahisi hivyo.

Mwaka 2001 watafiti wawili wa Liverpool, Susan Scott na Christopher Duncan, walipitia orodha ya vifo vya Eyam nyumba kwa nyumba wakasema haifanani na tauni ya panya. Ulikuwa unaruka kutoka mtu kwenda mtu wa familia moja, kwa mpangilio wenye siku nyingi katikati. Hakuna mwandishi wa wakati ule aliyetaja panya kufa ovyo, na ninyi wa Lushoto mnajua panya hufa kwanza. Wao walidhani ni kirusi cha kutokwa damu, cha ukoo wa mambo kama Ebola. Ndiyo maana karantini ilifanya kazi: kumfungia mtu kunasaidia kama ugonjwa unabebwa na mtu. Panya hajui jiwe la mpaka.

#20 Mtoto_wa_Mlalo

Kwetu panya wakianza kufa nyumbani, wazee walijua. Hilo nathibitisha.

#21 Hesabu_Kali

Darubini, nadharia hiyo nimewahi kuipenda. Lakini mwaka 2016 zilitoka habari za mifupa iliyochimbuliwa London wakati wa ujenzi wa reli ya Crossrail, makaburi ya Bedlam. Kwenye meno ya waliozikwa wakati wa tauni ya 1665 wakakuta vinasaba vya *Yersinia pestis*, bakteria wa tauni yuleyule aliyegunduliwa na Alexandre Yersin Hong Kong mwaka 1894. Kama London ilikuwa tauni, na Eyam iliambukizwa kutoka London, basi Eyam ni tauni.

Mwaka huohuo wa 2016 wataalamu wengine wakachukua tarehe za vifo vya Eyam wakazipitisha kwenye mahesabu. Wakapata kwamba karibu robo tatu ya maambukizi yalikuwa ya mtu kwa mtu, na yaliyobaki yalitoka kwa panya. Mtu kwa mtu maana yake kwa mapafu, au viroboto na chawa wa binadamu. Kwa hiyo tauni inaweza kuwa ileile na bado karantini ikafaa.

#22 Darubini

"Kama Eyam iliambukizwa kutoka London." Hiyo *kama* ndiyo nzito.

#23 Jiwe_la_Siki

Naungana na Darubini hapo. Habari ya mzigo wa vitambaa imekuja kuandikwa muda mrefu baada ya tukio. Kilichopo kwenye kitabu cha kanisa ni jina la Viccars na siku aliyozikwa, basi. Na tauni mwaka 1665 ilikuwa imefika Derby, mji mkuu wa jimbo hilohilo, karibu kuliko London mara nyingi. Derby nao wana jiwe lao la siki, wanaliita Msalaba Usio na Kichwa, ambalo wakulima waliachia vyakula na kuokota sarafu. Kwa hiyo hata jiwe la siki siyo uvumbuzi wa Eyam. Wafanyabiashara na wabeba madini ya risasi walikuwa wakipita njia zile kila siku. Kwa nini lawama zote apewe mshoni?

#24 Pamba_na_Hariri

Asante! Tangu jana nilikuwa namhurumia mwenzangu.

Ila tuwe waadilifu, aliyekufa wa kwanza ni yeye. Na baada yake wakafuata watoto wa mwenye nyumba, akina Cooper. Ugonjwa ulianzia ndani ya ile nyumba, ukitoka London au Derby.

#25 Kijani_Kibichi

Mbona hakuna aliyetaja kinasaba? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda Eyam wakapima vizazi vya walionusurika, wakakuta kinasaba kilichobadilika kiitwacho CCR5-delta 32 kwa wingi. Mtu akiwa nacho pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, VVU vya aina nyingi haviwezi kuingia kwenye seli zake. Wakasema hicho ndicho kilichomwokoa Elizabeth Hancock na yule mchimba makaburi.

#26 Hesabu_Kali

Kilivuma sana hicho. Mwaka 2004 wakajaribu kwa panya wa maabara wasio na CCR5, wakawapa tauni. Wakafa sawa na wengine. Wako pia wanaosema kilichosambaza kinasaba kile ni ndui. Ulaya ya Kaskazini yote wanacho kwa kiasi fulani, siyo Eyam peke yake.

#27 Kijani_Kibichi

Panya siyo mtu, Hesabu.

#28 Panya_Buku

Nimesikia natajwa.

Jamani wa Morogoro tupo. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kuna kituo kizima kinachosoma panya na viroboto wao, na tauni ya Lushoto na Mbulu wameifuatilia kwa miaka. Muulizeni mtafiti yeyote wa pale atawaambia tauni haina njia moja: leo panya shamba, kesho kiroboto wa kwenye jamvi, keshokutwa mgonjwa anayekohoa. Madagaska mwaka 2017 walipata wagonjwa zaidi ya 2,000 na wengi walikuwa wa mapafu. Mnavyogombana panya au mtu, mnauliza gari linakwenda kwa tairi la mbele au la nyuma.

#29 Bibi_Shamba

Panya Buku leo umeongea la maana, siku nyingine unatuletea mipira tu.

Mchimba makaburi gani huyo aliyetajwa na Kijani?

#30 Kengele_ya_Jioni

Marshall Howe, Bibi. Jitu la miraba minne, mchimba risasi. Aliugua mwanzoni akapona, akaamini haiwezi kumrudia, akajitolea kuzika wale ambao familia zao zimekwisha. Malipo yake alichukua vitu vya marehemu: nguo, fedha, vyombo. Mkewe Joan na mwanawe William wakafa. Wapo waliosema aliwaletea nyumbani kwenye zile nguo. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye wazazi wa Eyam walikuwa wakiwatisha watoto watukutu: nyamaza, nitamwita Marshall Howe.

Mimi namtetea. Nani mwingine angewazika?

#31 Mama_Wawili

Namtetea pia. Lakini zile nguo angeziacha.

#32 Mnara_wa_Kale

Naomba nipunguze huzuni kidogo. Kijiji hiki kina mambo zaidi ya mwaka mmoja na miezi miwili, na inaniuma kila mtu akifika anasoma vibao vya kijani tu anaondoka.

Uani mwa kanisa kuna msalaba wa mawe wa enzi ya Wasaksoni, karne ya 8 hivi. Una michoro ya malaika kwenye kichwa chake na misokoto ya mimea kwenye nguzo, na nguzo yenyewe imepungua kipande cha juu. Ulichongwa kabla hakujawa na Uingereza yenyewe. Ukutani mwa kanisa kuna saa ya jua ya mwaka 1775, ni kazi ya ajabu, imechorwa hadi alama za nyota. Karibu na hapo kuna Eyam Hall, jumba la ukoo wa Wright, lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1670, yaani simanzi haijapoa watu wameshaanza kupasua mawe na kujenga. Mbele yake kuna ubao wa kufungia miguu ya wakosaji.

Na chini ya hayo yote kuna machimbo ya madini ya risasi. Risasi ndiyo iliyokuwa inawalisha. Wachimbaji walikuwa na mahakama yao yenye sheria zao za nani amiliki mshipa upi. Mtu mwenye mshipa wake wa risasi chini ya ardhi haondoki ovyo, maana asipoufanyia kazi mwingine anaweza kuudai. Sijaona mtu akiitaja sababu hii humu, na mimi naiona ni kubwa.

#33 Wakili_wa_Kijiweni

Mnara, hii nimeipokea kwa mikono miwili. Mali isiyohamishika!

#34 Barazani_Kibokoni

Wakili sasa afurahi, amepata sababu ya pesa.

#35 Jiwe_la_Siki

Chakula nacho kilichangia. Bwana mkubwa wa Chatsworth, Earl wa Devonshire, alikubali kupeleka chakula na dawa mradi watu wasivuke. Vingine vikawa vinaachwa kwenye chemchemi iliyo juu kilimani, leo inaitwa Kisima cha Mompesson. Ukiwafungia watu bila chakula watatoka tu, hata uwahubirie vipi. Corona imetufundisha hilo, kuna miji watu walitoka kwa sababu ya njaa.

#36 Masumbuko_Bunia

Hapo ndugu umesema kweli mingi.

#37 Kengele_ya_Jioni

Hakuna aliyeuliza Mompesson aliishia wapi. Hakubaki. Miaka michache baadaye alihamishiwa Eakring, Nottinghamshire. Watu wa huko wakamwogopa, wakakataa asikae kati yao, ikabidi aishi kwa muda kwenye kibanda nje ya kijiji. Mtu aliyewazuia wenzake wasipeleke ugonjwa nje, alipotoka yeye wakamwona ndiye ugonjwa. Alikufa 1709. Mzee Stanley alibaki Eyam, akafia hapohapo 1670.

#38 Mtoto_wa_Mlalo

Kiti cha pembeni kikabaki kitupu.

#39 Mama_Wawili

Hao vijana wawili je, Emmott na Rowland? Msichana wa Eyam, mvulana wa Stoney Middleton. Inasimuliwa walikuwa wanatazamana kwa mbali bondeni bila kusogeleana, hadi siku msichana hakutokea. Alikufa Aprili 1666.

#40 Hesabu_Kali

Aprili. Mpaka ulifungwa Juni. Kwa hiyo hao wawili walianza kukaa mbalimbali kabla kasisi hajaomba.

#41 Wakili_wa_Kijiweni

...

Nimeisoma hiyo mara tatu. Sina la kusema kwa sasa.

#42 Msafiri_Mwera

Wakuu asanteni. Nilikuja na swali moja nina kumi sasa. Nimepanga kurudi Jumapili ya mwisho ya Agosti kwa ile ibada ya Cucklet Delf. Wiki hiyo wanapamba na visima vya kijiji, wanatandaza udongo wa mfinyanzi kwenye ubao na kuchora picha kwa kubandika petali za maua moja moja. Aliye Uingereza na anataka tufuatane anitafute faragha.

#43 Mama_Wawili

Ukifika Riley niwekee ua moja. Kwa yule mama.

#44 Pamba_na_Hariri

Na moja kwa mshoni.

#45 Msafiri_Mwera

Nitaweka yote mawili. Ila Fundi, la mshoni nitaliweka mlangoni pa ile nyumba, kaburi lake sikuliona.